Barua ya Wazi kwa Kamati ya Harusi: Naomba Kuchagua Saa ya Kula

Mwenyekiti,
Kamati ya Maandalizi ya Harusi,
Popote mnapokutania kwa sasa,
Manispaa ya Morogoro.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: MAOMBI YA KUCHAGUA ZAMU YA KULA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwanza nakupongeza. Tangu nianze kupokea kadi za mialiko mjini hapa sijaona chombo chochote, cha serikali wala cha dini, kinachokusanya fedha kwa nidhamu kama chako. Mchango wangu ulikuwa na tarehe ya mwisho. Zilipobaki wiki tatu, mhazini alinikumbusha. Zilipobaki mbili, alinikumbusha tena katika kundi la WhatsApp, jina langu likining'inia bila tiki mbele ya watu 140. Ilipobaki moja, alimpigia mke wangu. Shilingi 100,000 zilipoingia, ujumbe wa shukrani ulifika kabla sijairudisha simu mfukoni. Kwa hiyo sina shaka kwamba Kamati inaijua saa, na inaijua mpaka dakika zake.

Shida yangu ni kadi. Kadi ya watu wawili, ile mnayoiita dabo, yenye maua ya dhahabu na utepe, iliandikwa kwa herufi nene: "Kuanzia saa 12:00 jioni." Mimi na mama watoto tulifika saa 12 kasoro robo, wingu likiwa limeshafunika kilele cha Bondwa. Sahani yangu niliishika saa 5 na dakika 20 usiku.

Naomba unisaidie hesabu. Tangu Juni 2024 treni ya SGR inawaleta wageni kutoka Dar es Salaam mpaka Morogoro kwa muda wa saa mbili hivi au pungufu. Jiko la ukumbi lile liko hatua arobaini kutoka meza namba 17, nilizihesabu mwenyewe maana muda nilikuwa nao. Pilau iliyokwenda hatua arobaini kwa saa tano na dakika ishirini ingepanda treni ingefika Dar, ikarudi Morogoro, na ikabaki na nafasi ya kupumzika.

Wazee walioupa mji huu jina la Mji Kasoro Bahari waliusifia: milima ipo, mito ipo, matunda yapo, muziki wa Salum Abdallah na Mbaraka Mwinshehe umetoka hapa hapa, kilichokosekana ni bahari tu. Mimi, baada ya saa tano za kukaa na glasi ya maji, nimegundua kwamba hiyo bahari ndiyo inayotuponza. Nieleze.

Katika zile meli kubwa za watalii zinazotia nanga Unguja, abiria huwa wengi kuliko viti vya chumba cha kulia. Wenye meli walilimaliza jambo hilo zamani: mlo wa jioni huliwa kwa zamu mbili. Zamu ya kwanza huanza saa 12 au karibu na hapo, ya pili saa 2 na nusu hivi. Abiria huchagua zamu yake mapema, wakati wa kukata tiketi. Wenye watoto na wazee huelekea ya kwanza, wapenda kukesha huelekea ya pili. Burudani nayo hufanywa mara mbili, ili waliokula mapema watazame ngoma baada ya chakula na watakaokula baadaye watazame kabla. Hakuna anayetazama ngoma badala ya chakula.

Kwa nini wao waweze na sisi tushindwe? Nililitafakari hili wakati wa utambulisho wa ukoo wa shangazi. Jibu ni kwamba abiria wa meli akishakula saa 12 hana pa kwenda. Pande zote ni maji. Mwalikwa wa Morogoro akishakula saa 12, bodaboda zimejipanga nje ya geti, na saa 2 yuko Kihonda kitandani, bahasha ya zawadi ikiwa bado mfukoni mwake. Mungu hakutupa bahari ya kumzuia, basi Kamati imemzuia kwa pilau. Ndiyo maana chakula hukaa mwisho wa ratiba, baada ya zawadi, kama kufuli kwenye mlango. Nilipolielewa hilo nilivua kofia. Ni ubunifu mkubwa, ila unaumiza.

Ratiba ya siku hiyo unaijua, uliiandika wewe. Saa 12 maharusi walikuwa bado wanapigwa picha. Saa 2 kasoro waliingia, wakatoka, wakaingia upya kwa wimbo mwingine. Ikafuata shampeni. Ikafuata keki, halafu keki ya ndafu, yule mbuzi mzima aliyechomwa na kuvikwa majani mdomoni, akapitishwa katikati yetu akicheza muziki huku akinukia, akaenda meza kuu. Ikafuata Kamati yenyewe, ikaingia na sare, ikacheza, ikashangiliwa. Mshereheshaji akauliza, "Mbona makofi hafifu, hamjala?" Meza namba 17 yote ikajibu kwa dhati ya roho: "Hatujala!" Akacheka sana. Akamwambia mpiga muziki aongeze sauti.

Sasa nikueleze nilikuwa na nani mezani.

Kulikuwa na mmoja wa wajomba wa bibi harusi, mzee wa Nyandira, kule Mgeta. Kwa Waluguru ukoo hufuata mama, na mjomba si mtu wa kuombwa asimame apunge mkono. Ni mtu ambaye asiposema, mambo ya mpwa wake hayasogei. Mzee huyu aliondoka nyumbani alfajiri kwenye gari la mboga, akiwa amekaa juu ya magunia ya karoti na njegere, likashuka kona kwa kona mpaka lami ya Sangasanga. Baadhi ya magunia yale yalikuwa ya sherehe. Karoti zilipokewa jikoni saa 4 asubuhi, zikapimwa, zikaandikwa daftarini. Mjomba alipokewa saa 12 jioni, akaonyeshwa meza namba 17, jirani na spika.

Saa 3 usiku alitia mkono kwenye mfuko wa koti akatoa pichesi. Ilikuwa Desemba, msimu wake. Akatoa ya pili, na ya tatu, mpaka zikafika saba, akazikata vipande kwa kisu kidogo na kuzizungusha mezani.

"Chukua, mwanangu. Huku kwenu mnakula saa ngapi?"

"Ahsante, mjomba. Ratiba inasema baada ya zawadi."

Alitafuna kwanza. "Aa," akasema. "Kumbe kinauzwa."

Sikuwa na la kumjibu, Mwenyekiti. Pengine wewe unalo.

Wakati huo meza za mbele zilikuwa zimeshapelekewa vitafunio, kwa maelezo kwamba wale ni wageni wa Dar na wametoka mbali. Sina neno na wageni wa Dar. Ila Mto Ruvu wanaokunywa maji yake unalishwa na vijito vya Uluguru, vingine vinapita karibu na mashamba ya watu kama mjomba. Mlima umezoea kuwahudumia wa Dar kwanza. Nilidhani ukumbini ungepumzishwa.

Upande wangu wa kushoto aliketi mama mwenye kisukari. Alichoma insulini saa 12 na nusu, kwa sababu kadi ilisema saa 12 na yeye ni mtu anayeamini maandishi. Saa 2 na nusu mikono ilianza kumtetemeka, jasho likamtoka, maneno yakaanza kumpotea. Tulimnywesha soda yenye sukari, chupa mbili, na baadaye vipande vya pichesi, mpaka macho yakarudi. Kijana wa ulinzi mwenye beji alikuja mbio. Alitaka kujua kwa nini meza namba 17 inapiga kelele wakati wa nasaha za wazazi.

Watoto tusiwataje, walishalala juu ya viti vilivyounganishwa viwili viwili, wamefunikwa makoti. Wao ndio waliochagua zamu yao bila kuuliza mtu.

Hata anayefunga Ramadhani anajua saa ya kufuturu. Anajua mpaka dakika, imebandikwa ukutani, na adhana haisubiri mtu atambulishwe. Njaa yenye mwisho unaojulikana inabebeka. Wahenga waliosema ngojangoja huumiza matumbo walikuwa hawajapewa namba ya meza, lakini naona walikuwa wamekaribia.

Halafu pilau yenyewe. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida kwa zaidi ya saa mbili, na kinachosubiri kuliwa kidumishwe juu ya nyuzi joto 60. Yenu ilishushwa motoni saa 10 alasiri. Meza namba 17 ilipoitwa nilifunua mfuniko wa bufee nikakuta moto wa spiriti chini yake umezimika muda mrefu. Upande wa kuku zilibaki shingo na mbawa, na dada mwenye koleo akazilinda kama mali ya umma: "Kaka, kipande kimoja." Mjomba alipewa shingo. Alishukuru kwa adabu ambayo mimi sikuwa nayo.

Hapa itabidi nikiri jambo, maana usipolisikia kwangu utalisikia kwa wajumbe wenzako wa zamani. Miaka michache iliyopita nilikuwa mjumbe wa kamati ndogo ya chakula na vinywaji, katika harusi nyingine, ukumbi mwingine. Saa 11 jioni tuliitana nyuma ya jiko "kuonja chumvi". Chumvi tuliionja kwenye firigisi. Tukaionja kwenye maini. Tukaionja kwenye mapaja ya kuku, na kwa kuwa hatukuafikiana, tukairudia. Mweka hazina alionja kwa ajili ya shemeji yake pia. Saa 12 nilikuwa mlangoni na beji kifuani, nimeshiba, nikiwaambia wageni, "Karibuni, karibuni, ndiyo kwanza mambo yanaanza." Saa 4 usiku mzee mmoja aliniita kwa kidole akauliza habari za chakula. Nilimjibu, "Vumilia kidogo, mzee, kila kitu kinakwenda kwa ratiba." Sikumdanganya. Kwangu mimi ratiba ilikuwa imekwenda vizuri kabisa.

Kwa hiyo, Mwenyekiti, siombi tuige meli. Zamu mbili tunazo siku zote. Ya kwanza ni saa 11 jioni, nyuma ya jiko, kwa wenye beji. Ya pili ni baada ya zawadi, kwa waliochanga. Ninachoomba ni hiyo ya kwanza iandikwe kwenye kadi, kila mtu aweke tiki anapotaka kuwa.

Najua utasema watakaokula mapema wataondoka mapema. Basi chukueni rehani. Anayechagua zamu ya kwanza aache mlangoni kiatu chake cha kushoto, akabidhiwe baada ya kutunza. Au pokeeni bahasha mlangoni kabla ya sahani, kwa kuwa mjomba ameshatufahamisha ni biashara ya aina gani. Au, na hili nalisema kwa sauti ndogo ili mshereheshaji asisikie, fanyeni kama kwenye nikaha za mchana, Mwembesongo au Matombo: dua ikiisha, sinia linashuka. Watu watano au sita wanalizunguka, wanakula, wananawa, wanainuka, wengine wanakaa. Haitwi mtu kwa namba ya meza kwa kuwa meza haipo. Bwana harusi hajawahi kukimbiwa na wageni kwa sababu ya kuwashibisha. Wakishiba ndipo wanapokumbuka kuimba.

Utasema pia kwamba watu wa mjini hawafiki kwa wakati, na kadi ya saa 12 ni ya kuwatisha tu wafike saa 2. Ni kweli, na mimi nawajua, wengine ni marafiki zangu. Hao ndio wa zamu ya pili. Wawekeeni saa 3, wale wakicheza. Ila msiwape adhabu yao mama wa insulini na mzee wa Nyandira, watu walioisoma kadi yenu wakaiamini.

Kadi yenu ya harusi ya Jumamosi ijayo nimeipokea. Mchango nilishatoa, siku kumi kabla ya tarehe ya mwisho. Ushahidi ni tiki yangu ya kijani. Nitafika saa 12. Mjomba naye amenipigia simu kwamba atashuka, na gari lile lile la mboga, na safari hii atakuja na kapu.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalikwa,
Meza Namba 17.

Nakala: Mshereheshaji — ndiyo, hatujala.