Mhadhara wa Bingwa wa Nzi wa Bandia

Vijana, mliokosa benchi simameni hivyo hivyo.

Mimi ndiye bingwa wa kuvua kwa nzi wa bandia, Kasulu hadi Kibondo. Cheo nimejipa mwenyewe. Hapakuwa na mwingine wa kunifanyia usaili. Nimekuja kuwafundisha mto wenu.

Malagarasi unaanzia milimani, mpakani na Burundi. Ziwa Tanganyika liko jirani, lakini wenyewe unalipa mgongo, unafuata mpaka kuelekea kaskazini mashariki, unazunguka, unapotelea kwenye mafunjo ya Moyowosi, ndipo unakumbuka safari na kutokea Uvinza. Mto wa tabia hiyo hauvuliwi na mwenye haraka.

Huku juu, maji yanakokimbia mawe kwa mawe, nzi hutupwa mkondoni aelee kama mdudu aliyelewa. Wangu nimemfunga kwa uzi mwekundu na unyoya wa shingo ya jogoo wa mama mkwe. Jogoo alikuwa bado anautumia. Kesi iko kwa balozi wa nyumba kumi. Siku tatu nilimtupa nzi huyo. Akanasa tawi, akanasa tawi la pili, akanasa sikio langu. Huo ni utafiti.

Kule kwenye mafunjo, ardhi oevu iliyoingia orodha ya kimataifa ya Ramsar mwaka 2000, ya kwanza nchini (sikushirikishwa), mambo ni mengine. Kamongo ana mapafu, hivyo hupanda juu kuvuta hewa. Nilimwona kwa macho haya: alichomoza pua, akamtazama nzi wangu, akavuta pumzi, akazama taratibu. Wasiosoma watasema alimkataa. Alikwenda kutafakari.

Nasikia minong'ono: kwa nini asitumie nyungunyungu? Hilo ni swali la njaa. Mlowezi Mwingereza Grogan alipoleta mayai ya samaki trauti kutoka Scotland mwaka 1905, yakatiwa kwenye mto Gura kule Kenya, mnadhani waungwana waliwafuata na kopo la nyungunyungu? Kweli, trauti hutaka maji ya baridi na hapa hayupo. Hilo ni kosa la maji, mbinu yangu iko sawa.

Maswali? Wewe kijana wa nyuma, mwenye mwanzi na ndoo, nitakujibu ukishaifunika. Hao kambare wako wananirushia maji kwenye daftari.