Ombi la Cheti kwa Fundi Wetu wa Ruhembe

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA),
Dodoma.

YAH: OMBI LA KUMTAHINI FUNDI WETU NA KUMPATIA CHETI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mheshimiwa, kwanza pongezi. Sheria ya mwaka 1994 iliunda mamlaka yako, nanyi hamkuishia kwa waliokaa darasani. Mna utaratibu wa kumtambua hata aliyejifunzia kazi chini ya mwembe au kwa mjomba wake: mnampima kwa vitendo, mnamwongezea mafunzo pale alipopungukiwa, kisha mnampa cheti. Kwa utaratibu huo namleta kwenu fundi anayetuhudumia huku kata ya Ruhembe, wilayani Kilosa. Jina lake nalihifadhi, kwa kuwa bado ana hela yangu ya kianzio na sitaki tukosane.

Fomu zenu zitapata shida kwenye nafasi ya kujaza fani. Asubuhi huyu ni fundi bomba, saa nne ni fundi umeme, mchana seremala, na jua likipungua makali anapanda juu ya bati. Mjini, mtu wa namna hii humwita fundi Maiko, kisha hucheka. Sisi hatucheki, maana ndiye tuliye naye. EWURA imepanga leseni za mafundi umeme kwa madaraja, kuna A, B, C, D na W. Wa kwetu ameyapita yote bila kusimama. Akitaka kujua kama waya una moto, humwomba mwenye nyumba amshikie testa.

Namwombea cheti hasa kwa ustadi ambao haumo katika mitaala yenu. Chukua mfano wa ukaguzi. Hakuna kazi anayoianza kabla hajasimama mbele ya uharibifu, mikono kiunoni, akatikisa kichwa taratibu na kuuliza, "Nani alikufungia hii?" Ukimtajia jina atasikitika zaidi. Hivi karibuni alikuja kutazama koki ya jikoni aliyoifunga yeye mwenyewe. Akaichungulia kwa huzuni ya kweli, akasema aliyefanya unyama ule hakuwa fundi, ni mwizi, na kwamba kazi itabidi ianze upya. Nikamkumbusha. Hakutetereka hata kidogo: "Ndiyo maana nakwambia, baba, mimi ile kazi naijua." Mtahini gani wa Dodoma atampinga mtu huyo?

Au chukua mawasiliano. Ukimpigia, yuko Kidodi anaingia sasa hivi, ingawa nyuma yake unasikia kuku, mtoto analia, na mkewe akimuuliza ugali aupakue au bado. Vifaa navyo vina elimu yake. Anakutuma Mikumi ukanunue washa ya nusu inchi, unarudi nayo, anaigeuza mkononi na kusema hii ni ya Wachina, alitaka ile nyingine. Unarudi tena Mikumi. Ukifika nyumbani, koki imefungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli, naye ameondoka. Na koki haivuji.

Mtahini akipangiwa kuja, tafadhali aulize kwanza kalenda ya miwa. Msimu ukifunguliwa katikati ya mwaka, fundi wetu haonekani: yuko shambani anakata miwa au anapakia, na huko anapata ujira alio na uhakika nao. Ndipo malipo ya miwa yanapoingia kupitia chama chetu cha ushirika, AMCOS, na baada ya makato kila kaya inakumbuka kitasa chake, choo chake na paa lake kwa wiki moja. Masika yakifika, kiwanda cha sukari kimezima mitambo, fundi anashinda kijiweni hana la kufanya, na mvua inatudondokea kitandani. Wakati huo hela hatuna. Kwa hiyo hapa Ruhembe paa hupangiwa matengenezo wakati wa jua, huvuja wakati wa mvua, na halijawahi kukutana na fundi na fedha kwa pamoja.

Si paa tu. Hapo jirani yetu, Kidatu, maji ya Ruaha Mkuu yanazungusha mitambo minne yenye jumla ya megawati 204, na umeme wake umeingia gridi ya taifa tangu miaka ya 1970. Lakini soketi ya sebuleni kwangu bado inasubiri skrubu moja.

Utaniuliza, si mna chuo chetu pale Mikumi? Tunacho, na vijana wake tunawaona. Mmoja aliitwa mtaani kwetu. Alipima, akaandika makadirio kwenye karatasi, vifaa mbali na ufundi mbali, akamaliza kazi kabla chai haijapoa. Majirani wakaja juu: dakika ishirini ndiyo anataka hela yote hiyo? Akapunguziwa, akapokea, akapanda basi la Ifakara, na hatujamwona tena. Fundi wetu alikuwa amesimama pembeni akitazama, na alijifunza mengi siku ile kuliko ambavyo angejifunza kwa mwaka mzima wa chuo. Sasa kukaza nati mbili kunamchukua kutwa. Anatoka jasho, anaguna, anaomba maji ya kunywa, anaomba kusaidiwa kushika. Tunamlipa bila kubishana.

Kuhusu gharama za mtihani, najua waajiri wenye wafanyakazi kumi na zaidi hulipa tozo ya kuendeleza ujuzi, asilimia fulani ya mishahara, na sehemu yake huendesha mafunzo. Mimi huajiri mtu mmoja kwa nusu siku, na robo yake anatafuta nyundo yangu. Lakini nisihesabiwe kuwa mkwepaji. Kuweka vigae alijifunzia bafuni kwangu, kwa vigae vyangu, na maji ya bafu hilo huelekea sebuleni hadi leo. Naomba risiti ya ada hiyo.

Mtahini akija, aje na ngazi. Ya kwangu fundi aliiazima mara moja.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwenye nyumba, Ruhembe.