Hotuba Elekezi Juu ya Sayansi ya Kulala Njiani, Iliyotolewa Mumosho

Mheshimiwa shefu wa kijiji, madereva, makonvoyeri, mama zetu wa malewa, na ninyi watoto mliopanda mti: tulieni. Mbele yenu amesimama Mtaalamu Mkuu wa Malazi ya Barabarani, Kanda ya Maziwa Makuu na viunga vyake. Cheo hiki nilijipa mwenyewe baada ya kuwachuja wagombea wote, nami nilikuwa peke yangu.

Nasikia Wamarekani wana magari yenye kitanda, jiko na choo, wakajiona wamevumbua jambo. Hebu itazameni Fuso. Dereva analala kabini: hicho ni chumba kikuu. Konvoyeri analala juu ya magunia, chini ya bachi: ghorofa ya kwanza, yenye upepo wa bure. Mbabula imefungwa nyuma: jiko. Choo ni Kivu ya Kusini yote. Limebaki swali moja tu la kisayansi: tusimame wapi? Nimelijibu kwa nguzo nne.

Nguzo ya kwanza ni jua. Kwetu huku karibu na ikweta, jua huzama kama saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, wala halikopeshi dakika. Anayetoka Bukavu kwenda Uvira, kilomita zipatazo 130, saa kumi ikimkuta hajaikwea Ngomo, alale Nyangezi. Ngomo ni barabara iliyochongwa ubavuni mwa mlima. Lori moja likikwama kwenye tope, wote walio nyuma yake wamekwisha kupangiwa malazi.

Nguzo ya pili ni mwanga. Wageni hushauriana kulala penye taa. Kwa hesabu hiyo Mumosho ingekuwa hoteli ya nyota tano, maana hapa kwenye mto Ruzizi ndipo lilipo bwawa la Ruzizi II, linalozalisha umeme wa Kongo, Rwanda na Burundi tangu 1989. Lakini vijijini kwetu, mara nyingi waya hupita juu na giza hukaa chini, wala havisalimiani. Msiitegemee taa.

Nguzo ya tatu, iliyonikosesha usingizi, ni majirani. Mwizi wa mazutu haogopi kufuli. Anamwogopa mama wa sombe anayeamka alfajiri kuwasha makala. Kwa hiyo kabla ya kuzima injini, piga hodi kwa shefu wa kijiji, useme unatoka wapi na utaondoka lini. Kula kwenye malewa hata kama umeshiba. Chagua uwanja wa parokia, kituo cha afya, au palipo na malori mengine. Weka mawe chini ya tairi, pua ya gari ielekee barabarani. Mfumo huu nimeuita Nadharia ya Ulinzi Shirikishi wa Kiusiku. Konvoyeri mmoja akaniambia kuwa wao siku zote wamekuwa wakisalimia watu tu. Nilimsahihisha.

Nguzo ya nne ni jirani wa kukimbiwa. Kwanza, lori la tanki la mafuta, na hapa sina mzaha. Pale Sange, tarehe 2 Julai 2010, tanki lilipinduka, mafuta yakamwagika, moto ukalipuka. Walikufa watu zaidi ya 200, wengine wakiwa wamekaa kutazama mechi ya Kombe la Dunia. Ukiliona tanki limeegeshwa, songa mbele.

Pili, bariere. Mwaka 2017 watafiti wa IPIS kutoka Ubelgiji walichapisha hesabu ya vizuizi 798 katika Kivu zote mbili. Msafiri mchanga huona kamba na bunduki, akasema moyoni: hapa pana ulinzi. Ndugu zangu, kamba ile inajilinda yenyewe. Ukilala hapo utalipa jetoni, yaani ushuru wa kizuizi, ya kuingia usiku na jetoni ya kutoka asubuhi, na gari halijasogea hata hatua moja.

Hotuba imekwisha. Maswali sipokei, yasije yakawa na majibu. Kwenye njia ya kutokea mtaona kamba, na kando yake kijana wangu mwenye daftari. Msiogope, ni jetoni ya elimu tu. Risiti zimekwisha.