Bili ya Kumfunza Nani?
Wataalamu husema bili inayopanda kadiri mtu anavyotumia humfunza kubana maji. Hoja nzuri, ila bili huhitaji mita, na kule mtaa wa mabanda wa Mukuru, Nairobi, ubavuni mwa viwanda vya Industrial Area, wengi hununua maji kwa mtungi. Mtungi wa lita 20 ukiuzwa shilingi 5, mita moja ya ujazo inafika shilingi 250, ghali kuliko maji ya mfereji katika mtaa wa kitajiri wa Kileleshwa. Mtasema bila bei watu hufuja. Kweli, lakini huku bei ilishafunza: maji ya kufulia ndiyo hayo hayo ya kupigia deki. Mgao wa maji ulipoanza 2017, ulilaumiwa uhaba wa mvua kwenye bwawa la Ndakaini linalolisha jiji. Lakini mabomba ya kampuni yanayovuja usiku kucha hayatumiwi bili (wala aibu). Kampuni ya maji ianze kwa kujiandikia bili yake yenyewe.