Mheshimiwa Waziri, Ubia Wetu Usivunjike

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Afya House, Nairobi.

MINT: OMBI LA KULINDA UBIA BAINA YA WIZARA NA WAUME WA LIKONI, KISAUNI NA CHANGAMWE

Mheshimiwa,

Nakuandikia kwa niaba ya wanaume wa baraza yetu hapa Mtongwe, Likoni. Wenzetu wa Kisauni wamenituma kwa simu, na wale wa Changamwe tulikutana nao bandarini wakiingia zamu, kwa hivyo naomba barua hii uihesabu kuwa ya ng'ambo zote tatu.

Kwanza, shukrani. Najua meza yako imejaa malalamiko. Wauguzi waligoma siku 150 mwaka 2017, madaktari wakagoma siku 56 mwaka 2024. Sisi hatukulalamika. Wagonjwa waliporudishwa majumbani kwa tuktuk na mikokoteni walipokewa, wakaogeshwa, wakalishwa, wakageuzwa ubavu huu na huu, na hakuna mume hata mmoja wa baraza yetu aliyechelewa kahawa. Wodi ya nyumbani, Mheshimiwa, haijagoma hata siku moja. Haina chama, haina katibu mkuu, haina likizo. Ndiyo maana twaiona kuwa mali ya ubia: Wizara inatoa mgonjwa, nasi twatoa mke.

Ubia wenyewe una umri. Ukimwi ulipojaza vitanda vya hospitali, mwaka 2002 Wizara ilitoa mwongozo wa kuwatunza wagonjwa nyumbani. Ilipokuja Korona, Juni 2020 ukatoka mwongozo mwingine wa namna hiyo hiyo. Yote miwili tuliipokea kwa furaha. Kila palipoandikwa kwamba mgonjwa atatunzwa nyumbani, sisi tulijua nyumbani ni nani, na mlikuwa na adabu ya kutomtaja.

Acha nikupe mfano wa ubia unavyofanya kazi ukiwa haujaingiliwa na watu wa semina. Mama yangu alipata kiharusi, akalazwa katika hospitali moja ya umma ambayo jina nitalihifadhi. Mke wangu alivuka feri alfajiri na chupa ya uji, akarudi kupikia watoto, akavuka tena jioni. Usiku alilala sakafuni chini ya kitanda cha mavyaa wake, leso moja chini na moja juu. Bima yetu mpya ya SHA, iliyoanza tarehe 1 Oktoba 2024, inalipia kitanda. Ya sakafuni haiyajui, na ni vyema hivyo, maana michango ingepanda.

Siku ya kuruhusiwa, muuguzi alieleza kila kitu: mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili asipate vidonda, chakula kilainishwe, dawa za presha zisikatizwe, mkono uliolala unyooshwe asubuhi na jioni. Yote alimweleza mke wangu. Mimi nilikuwapo. Nilikuwa nimeshika mfuko. Mgonjwa ni mama aliyenizaa mimi, si yeye, lakini muuguzi hakunitupia jicho hata mara moja, na kwa hilo namtakia kheri popote alipo. Ndugu zangu wawili wa kiume wako Nairobi. Hao hutuma pesa mara moja moja, na maoni kila siku.

Sasa tumesikia habari ya kutisha. Yasemekana serikali imekuwa ikiandaa sera ya kitaifa ya matunzo, na ndani yake mna mambo matatu: kazi hii itambuliwe, ipunguzwe, igawanywe. La kwanza halina neno. Sisi twaitambua kila mwaka Siku ya Mama, kwa picha ya mawaridi kwenye WhatsApp. La pili pia sawa, mkitaka kutuletea mifereji ya maji hadi jikoni hatutakataa. Ni hilo la tatu lililotuinua barazani.

Wa kulaumiwa ni Shirika la Kitaifa la Takwimu. Katika utafiti wake wa mwaka 2021 kuhusu Wakenya wanavyotumia muda wao, lilisema mwanamke hutumia asilimia 18.7 ya siku yake kwa kazi za nyumbani na za kutunza watu bila malipo, ambayo ni karibu saa nne na nusu. Mwanamume ni asilimia 3.6. Hiyo saa nne na nusu hatuipingi, ingawa mke wangu alipoisikia aliuliza kama ni mpaka adhuhuri. Tunayoipinga ni ile ya wanaume. Ukipiga hesabu, asilimia 3.6 ya siku ni dakika hamsini na kitu. Dakika za nani?

Tulijihesabu pale barazani kwa uaminifu kabisa. Mmoja alidai dakika kumi za kumpeleka mtoto madrasa, ikabainika kwamba madrasa iko njiani mwa baraza. Mwingine alidai robo saa ya kubeba mtungi wa gesi, akakiri kwamba mtungi huisha mara moja kwa mwezi. Mzee wetu mmoja alitaka kuhesabiwa muda anaotumia kuuliza "Chakula kiko tayari?" na tukaliweka kando hilo lijadiliwe. Kwa ufupi, dakika hamsini hatuna. Na wastani ni wastani: ikiwa sisi hatuna, basi kuna mwanamume mahali fulani anayefanya zake na zetu juu.

Tulimtafuta, tukamwona. Anakaa Mishomoroni, Kisauni, ni fundi wa majokofu. Mkewe ana sukari, ilimla mguu mpaka ukakatwa chini ya goti. Huyu bwana humsafisha kidonda mwenyewe, kwa maji ya chumvi na shashi, akivaa glavu kama anayelipwa. Humchemshia mboga bila mafuta, hupima sukari kabla ya chakula, huwasuka mabinti zake nywele Jumapili, mistari imenyooka kuliko ya saluni. Amejifunza kumhamisha mgonjwa kutoka kitandani hadi kwenye kiti bila kuumia mgongo. Tulimkuta akianua nguo, na hakujificha.

Mtaani ashapewa jina. Wazee wasema kalishwa limbwata. Vijana wasema kakaliwa chapati. Mama yake mzazi amemwita msomaji aje amzungue. Akienda na mkewe kliniki, wahudumu humtazama wakamuuliza, "Dada yake yuko wapi? Hana mtu?" Naye amesimama pale, na kadi mkononi. Hata hao waliosomea wanajua kwamba yeye si mtu.

Ombi letu, Mheshimiwa, ni kwamba katika utafiti ujao bwana huyu na wenzake wa aina yake wahesabiwe upande wa wanawake. Takwimu zitarudi mahali pake, na sisi tutapata sifuri yetu halali.

Pia tunakuomba usiguse viwango vya malipo, maana vimepangwa kwa hekima ambayo si kila mtu anaiona. Kwa mujibu wa agizo la mishahara la Novemba 2024, yaya wa Mombasa hastahili kupata chini ya shilingi 16,113 kwa mwezi. Huyo hulea mtoto wa mtu mmoja. Wale wahudumu wa afya wa kijamii, ambao Rais aliwakabidhi mikoba pale Uhuru Park tarehe 25 Septemba 2023, zaidi ya laki moja nchi nzima na wengi wao wanawake, hutembelea takriban nyumba mia kila mmoja, wakipima presha na sukari na kupanda ngazi za ghorofa za Magongo juani. Wao posho yao ni shilingi 5,000, nusu kutoka Nairobi na nusu kutoka kaunti, na nusu hizo mbili aghalabu hazijuani tarehe. Kisha yuko mke, wa mchana na usiku, halipwi chochote. Umeuona mteremko? Kadiri mtu anavyozidi kutunza watu, ndivyo anavyozidi kupungukiwa. Ukimlipa mke, utalazimika kumpandishia mhudumu wa kijamii, na ukimpandishia huyo, wauguzi watataka kuongea nawe.

Kuna uvumi mwingine unaotukosesha raha, nao hautoki kwako. Sheikh mmoja alitujia akasema kwamba katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo yetu huku pwani, wanazuoni wengi wanaona kupika na kufua si wajibu wa mke kisheria. Akifanya, ni hisani yake. Akaongeza kwamba Mtume mwenyewe, rehema na amani zimshukie, alikuwa akihudumia watu wa nyumbani kwake na kushona viatu vyake. Hadithi hiyo twaipenda sana wakati wa maulidi, lakini alikuwa akituambia Jumanne. Tulimmiminia kikombe cha pili na kumuuliza habari za mwezi, umeandama au bado.

Kwa upande wa sheria za serikali tuna afueni. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inasema kazi za nyumbani na ulezi wa watoto ni mchango wa kweli katika mali. Lakini mchango huo mara nyingi huja kupimwa siku ya talaka. Na ya Ajira, ya 2007, inampa baba wiki mbili za mapumziko mkewe akijifungua. Wiki hizo sisi huzitumia vizuri, hapo ndipo baraza hujaa.

Nije kwenye taaluma yenyewe, maana huko nako ubia umetunzwa vyema. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2019 kwamba wanawake ni kama asilimia 70 ya wahudumu wa afya duniani, lakini nafasi za juu wanashika robo tu. Huku kwetu huhitaji ripoti. Mwanamume akivaa koti jeupe, hata kama ndiye anayeleta oksijeni, wagonjwa wote humwita daktari. Binti ya jirani yetu hapa ni daktari kamili, ana stethoskopu shingoni, na mzee akishamaliza kupimwa naye humwuliza, "Sista, daktari anakuja saa ngapi?"

Kijana mmoja wa hapa Mtongwe aliposema anaingia chuo cha tiba kusomea uuguzi, tulimkalisha kitako. Tukamwambia hiyo ni kazi ya kike tangu mababu. Bahati mbaya babu yake alikuwapo, akatuharibia mkutano. Akasema zama za Mwingereza wasaidizi wa kwanza Waafrika hospitalini, walioitwa madresa, wengi walikuwa wanaume, wakifunga vidonda na kumwaga beseni, na mtu akiwa dresa alioa popote atakapo. Kwa hiyo kinyesi cha mgonjwa hakikuwa na jinsia wakati kina mshahara wa serikali. Tukamnyamazia, mzee akizeeka husema mengi.

Na hili la mwisho lina utata, nalisema haraka. Wako wake na mabinti wa Likoni na Kisauni waliokwenda Uarabuni. Huko wanawaogesha wazee wa watu, wanapika uji, wanawageuza ubavu, na wanalipwa kwa riyali. Pesa hizo zikiingia nchini, Benki Kuu huzihesabu kwa shangwe pamoja na za wengine walio ng'ambo. Kazi ni ile ile, tofauti ni kwamba mgonjwa si mavyaa wake. Akiondoka, watoto hubaki na bibi yao, na bibi akiugua huitwa shangazi. Sisi tumechunguza msururu huu wote kuanzia Riyadh hadi Shika Adabu, na hakuna pahali palipotokea mume, kwa hivyo mfumo bado ni madhubuti.

Tunaomba basi, sera hiyo ikija, ibaki na neno "jamii". Iseme jamii itashiriki, jamii itahamasishwa. Neno hilo halijapata kumwamsha mwanamume usiku. Ikiwa lazima mtuhusishe, tupeni kamati, tuko tayari kuwa wenyeviti. Na mkiandaa mafunzo ya kumgeuza mgonjwa, yawekwe asubuhi za siku za kazi, tuwe na udhuru wa haki.

Ukiwa na swali lolote kuhusu barua hii, mpigie mke wangu. Nambari yake iko kwenye faili la mama yangu, mbele ya "mtu wa karibu wa mgonjwa". Yangu hospitali haikuichukua, nami sikuitoa.

Wako katika ubia,
Mume wa Mtu,
Mtongwe, Likoni.