Utamaduni wa Kupigiliwa Msumari

Mwaka 2022 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilizindua mpango uitwao Silicon Zanzibar, unaokusudia kuzivuta hadi eneo la Fumba, kisiwani Unguja, kampuni changa za teknolojia, yaani biashara mpya zinazoishi kwa mtaji wa wawekezaji huku zikiisubiri faida. Na katika shughuli za namna hii ni nadra mzungumzaji kushuka jukwaani bila kuahidi kwamba utamaduni utahifadhiwa. Ahadi hiyo haina gharama, kwa kuwa utamaduni unaokusudiwa aghalabu ni ule unaopigilika msumari: picha ya mlango wa nakshi mapokezini, mkeka wa ukili ukutani, na taarabu ya sauti ndogo isiyomkera mgeni anywapo kahawa. Baraza, yaani kikalio cha mawe kilichojengwa kuambatana na ukuta wa nyumba za Mji Mkongwe, ambapo watu hupashana habari, hukopeshana na hutafutiana kazi bila nenosiri, huwa halialikwi. Wala mwanamke anayelima mwani kijijini Paje, ambaye bei humfikia ikiwa imekwisha kupangwa, haulizwi ni programu gani ingemfaa. Na aulizwe yeye kwanza, tena kwa Kiswahili, kabla ya kuchaguliwa rangi ya mapazia ya ofisi.