Kilemba Hiki Nani Kakufunga?

Kwa sisi tunaomaliza akiba zetu kuvaa kama watu waliokufa karne ya 14, Maskati ni mji mgumu kuliko yote. Dar es Salaam ukishuka kwenye bajaji na joho, kilemba na upanga wa mninga, watoto watakufuata mpaka kivukoni na watu wazima watakuuliza filamu inatoka lini. Unarudi nyumbani umeridhika. Maskati hakuna anayegeuza shingo. Mtu aliyetoka tu kununua mkate amevaa kanzu iliyopigwa pasi ikanyooka, kishada cha shingoni kinanukia manukato, kofia ya nakshi kichwani. Siku ya harusi anaongeza kilemba na jambia la fedha kiunoni, jambia lile lile lililomo kwenye bendera ya nchi. Wewe uliyegombana na fundi cherehani kwa ajili ya upana wa mkono umekuja kuigiza mbele ya watu ambao wao hawaigizi.

Tena wanajua. Tulipoingia soko la Matrah, katikati ya moshi wa ubani, mzee mmoja aliyeketi mbele ya duka la vitambaa aliniita kwa kidole. Nikamwamkia kwa Kiarabu changu cha chuoni. Akanijibu kwa Kiswahili cha Unguja, maana Maskati imejaa watu waliozaliwa au kulelewa huko.

“Mwanangu, kilemba hiki nani kakufunga?”

“Nimejifunga mwenyewe, mzee wangu.”

“Yaonekana.”

Akanivua hadharani, akanifunga upya huku akisimulia wapita njia alichokuwa akirekebisha. Basi ushauri wa kwanza kwa mvaa-kale anayekuja huku: usijifunge kilemba hotelini. Kichukue mkononi mpaka sokoni, utafungiwa bure, na pengine chai juu.

Kundi letu limechagua mwaka 1331, mwaka ambao Ibn Battuta alifika Kilwa na kumkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Kwa hiyo sisi ni wafanyabiashara wa Kilwa. Ibn Battuta alitoka huko kwa jahazi mpaka Dhofar, kisha akaja pwani ya Oman, nasi tumemfuata kwa ndege. Panga na majambia, hata ya mbao, yatie kwenye mizigo ya chini na ueleze mapema ni ya nini. Tuliulizwa na kijana wa forodha mwenye upole mwingi kwa nini tumesafirisha fimbo iliyopakwa rangi ya fedha kuja nchi yenye fedha yenyewe. Hatukuwa na jibu.

Kila kundi la aina yetu lina mtu wa usahihi. Wetu ni mwalimu mstaafu wa historia, tunamwita Mwalimu, na alipiga marufuku saa, kandambili za plastiki na simu iliyo mkononi. Halafu akajipiga marufuku miwani yake mwenyewe. Kule Italia miwani ilishakuwapo, akasema, lakini Kilwa haikuwa imefika. Pale Matrah akasimama mbele ya sanamu la duka la nguo, akalisalimia kwa adabu zote, akasubiri kuitikiwa. Tulimwacha, maana alikuwa akionekana kufurahia mazungumzo.

Tulipofika Maskati ya zamani, tukataka picha na ngome za Jalali na Mirani zilizokalia majabali ya bandari. Mwalimu akakataa. Wareno walizijenga miaka ya 1580, kwa hiyo kwetu bado hazijajengwa. Akatugeuza tuzipe mgongo. Picha zetu zote za siku ile zina wafanyabiashara watano wa karne ya 14 mbele ya maegesho ya magari.

Joho ni jambo la kuliangalia. Kiangazi joto la Maskati hupita nyuzi 40, na mvaa-kale wa sufi hupikika kama kisamvu. Njoo kati ya Novemba na Februari. Wapo watakaokwambia kwamba mtu wa kawaida wa pwani zama zile alivaa shuka kiunoni na kifua wazi, kwa hiyo usahihi unakuruhusu. Usahihi haukai Maskati. Funika mabega na magoti, na hoja hizo kazitolee ufukweni Bagamoyo.

Tena kuna fedha. Vazi letu halina mifuko. Tunaweka pesa kwenye kibindo chini ya kanzu, kama ilivyostahili. Sasa jaribu kumlipa dereva wa teksi, ile ya rangi ya chungwa na nyeupe, katikati ya foleni, wakati riali yako moja yenye baisa 1,000 imejificha chini ya mikunjo minne ya kitambaa. Dereva wetu alitazama pembeni kwa heshima. Aliyekuwa nyuma yetu hakutazama pembeni, alipiga honi.

Mbele ya Makumbusho ya Taifa, yaliyofunguliwa mwaka 2016 mkabala na kasri la Al Alam, usisimame karibu na mlango. Watalii walituuliza vyoo viko wapi. Kwa kuwa sisi wenyewe tulikuwa tumeshaviulizia, tuliwaelekeza vizuri.

Ila kuna mahali pamoja ambapo mvaa-kale anapata heshima yake: mzunguko wa barabara karibu na hoteli ya Al Bustan. Hapo imewekwa Sohar, jahazi la mtindo wa kale lililoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari hata mmoja kule Sur. Msafiri Tim Severin na mabaharia wake walitoka nalo Maskati Novemba 1980, wakafika Guangzhou Julai 1981, wakiwa wamevunjikiwa foromali na kukwama baharini bila upepo. Tuliliangalia kimya sisi tulioshindwa na kibindo. Hapo ndipo Mwalimu alipotoa miwani mfukoni. Mfuko, kumbe alikuwa nao.

Siku ya mwisho tukaitaka Qalhat, bandari iliyokuwa kubwa wakati Ibn Battuta alipoandika kwamba Maskati ni mji mdogo wenye samaki wengi. Alitembea mpaka Qalhat kwa miguu kutoka Sur, viatu vikambana mpaka damu ikataka kutoka chini ya kucha, na mwongozaji akanuia kumwibia nguo. Kilichomwokoa ni mkuki wake. Kwa sababu hiyo Mwalimu alikuwa na mkuki. Dereva akauzunguka, akaupima kwa macho dhidi ya gari lake, akafungua madirisha yote mawili ya nyuma.

“Huu utapita,” alisema, kwa Kiswahili. “Nyinyi ndio mwiname mpaka Qalhat.”